Aliyesema Kisha Akainuka: Bi. Nyevu Tinga Aaga Chumba cha Simu

Kwanza radhi. Jarida hili halijatoka tangu kabla ya Pasaka, na wasomaji wetu wa Changamwe, Likoni na Kisauni wamekuwa wakiniuliza sababu kila wanaponikuta kantini. Nimekuwa nikiwajibu kwamba toleo limekaribia. Halikuwa limekaribia. Wasifu huu ulikaa mezani kwangu ukisubiri jambo moja liamuliwe, na kwa kuwa jambo lenyewe halijaamuliwa hadi leo, nimeona si haki mstaafu azuiwe mlangoni kwa ajili ya kikao cha watu wengine. Naomba radhi kwa ukimya huo, na sasa niingie kazini.

Bi. Nyevu Tinga anastaafu tarehe 31 Julai, baada ya kuitumikia Kampuni ya Usafirishaji ya Mkoko kwa miaka thelathini na minne. Karibu miaka yote hiyo ameimaliza katika chumba kimoja, kile kidogo kilicho kando ya lango la yadi yetu ya Changamwe, chenye dirisha linalotazama malori na mlango usiofungika vizuri. Sisi hukiita chumba cha simu. Madereva humwita yeye Mama Simu. Wateja, ambao wengi wao hawajapata kumwona uso, humwita Nyevu tu, kwa sababu ndivyo anavyomaliza kila ujumbe anaowaandikia: Wako, Nyevu.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Anatakiwa kujua malori yako wapi, kisha awaambie wenye mizigo. Atakayedhani kwamba ni rahisi pia kuifanya, na akae pale asubuhi moja ya Jumatatu.

Alizaliwa Kaloleni, akasoma huko hadi kidato cha nne, kisha akaja kukaa kwa shangazi yake Magongo akitafuta kibarua chochote. Aliingia Mkoko akiwa karani wa mapokezi, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo meneja wa wakati ule aliilalamikia. Haukupita muda akawekwa kando ya Mama Dhahabu, aliyekuwa akishika simu na redio ya malori, ili ajifunze.

Alijifunza kwa kuiga. Hulisema hilo mwenyewe bila haya. Mama Dhahabu alipopokea simu kwa mvuto fulani wa sauti, Nyevu aliuvuta vivyo hivyo. Mama Dhahabu alikuwa na kikohozi kidogo cha kutangulia habari mbaya. Nyevu naye akakohoa. Wako wateja walioapa kwamba waliokuwa wakiwajibu ni mtu mmoja.

Katika maneno aliyorithi yalikuwamo haya: mzigo wako uko kwenye foleni ya mizani, Mariakani. Aliwaambia wateja hivyo kwa muda mrefu, kwa upole na kwa uhakika. Lakini mizani aliyoijua yeye ilikuwa ile ya muuza nyama, yenye ndoano na sahani. Alijiuliza kimoyomoyo lori huangikwa vipi, akaamua kwamba huko Mariakani lazima kuna ndoano kubwa mno na wanaume wenye misuli. Siku dereva mmoja alipompeleka, akaona lori linapanda juu ya bamba la chuma lililolazwa barabarani, linapimwa na kushuka, alicheka hadi akakaa chini. Aliporudi alituambia kwamba njia nzima alikuwa akiwafikiria wote aliowahi kuwaeleza habari za mizani, na kwamba hakuna hata mmoja aliyegundua.

Naomba msomaji aiweke hadithi hiyo karibu, maana itahitajika.

Ugumu wa chumba cha simu hautokani na simu. Unatokana na madereva. Dereva wa Mkoko hana desturi ya kusema alipo. Husema mahali ambapo angependa kuwa. Akiwa Miritini anakunywa chai, ameshapita Mazeras. Akiwa bado anafunga viatu nyumbani kwake Likoni, yuko ndani ya feri na feri imeng'oa nanga. Hana nia mbaya. Kwake yeye hiyo ni adabu, asimvunje moyo anayengoja. Bi. Nyevu hakuwahi kumkaripia dereva kwa adabu hiyo. Alimwacha amalize, kisha akauliza kwa sauti ya mzazi: "Wewe uko wapi kweli?" Swali hilo limewatoa jasho wanaume ambao hawaogopi mteremko wowote kati ya hapa na Malaba.

Dishon, dereva wetu mrefu aliyetoka upande wa magharibi, hawezi kuisahau siku alipopiga simu kueleza kwamba yuko Mtito Andei na jua la huko ni kali. Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanamke ikinadi, "Viazi karai moto! Ukwaju upo!" Sauti hiyo inajulikana na kila mkazi wa Magongo, mtaa ulio jirani na yadi yetu.

"Haya, mwanangu," akasema Bi. Nyevu. "Niletee viazi vya huko Mtito. Na ukwaju usisahau."

Dishon alifika yadini muda mfupi baadaye akiwa na viazi ndani ya gazeti, bado vinafuka. Bi. Nyevu alivila vyote, akamsifu kwa mwendo wake wa kasi.

Kwa haki lazima niongeze kwamba naye alikuwa na lake. Mteja alipouliza mzigo wake uko wapi, Bi. Nyevu mara nyingi alijibu kwamba umekaribia, hata pale ambapo yeye na mimi tulikuwa tukiliona lori dirishani limesimama. Lakini tazama alichofanya baadaye. Alipoweka simu chini, aliinuka. Alikwenda karakana akamtoa fundi chini ya gari jingine. Alimtafuta dereva wa pili nyumbani kwake. Alisimama langoni, mikono kiunoni, mpaka lori likatoka. Neno alilokuwa amelitoa lilimsumbua mwilini hadi alipolifanya kuwa kweli. Kiti chake ni ushahidi. Kitambaa cha kukalia bado kina rangi ya dukani, ilhali mikono ya kiti imechubuka hadi chuma, kwa kusukumwa kila anapoinuka.

Mwaka juzi uongozi ulileta mashine ya kujibu ujumbe. Aliyeitengeneza ni Chrispine, fundi wetu wa kompyuta, kijana aliyekulia Nairobi, mwenye heshima nyingi ingawa Kiswahili chake huniumiza kichwa. Aliilisha mashine ujumbe wote ulioandikwa katika chumba cha simu kwa zaidi ya miaka kumi, ili ijifunze namna tunavyozungumza na wateja. Mwenye mzigo akiandika, mashine humjibu papo hapo. Nilisoma majibu yake nikitafuta makosa, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia yangu. Sikupata la maana, na jambo hilo lilinikera kwa siku kadhaa.

Mabishano yakahamia kantini, yakatafunwa pamoja na mahamri na mbaazi. Je, mashine inaelewa inachosema, au inaiga tu?

Dishon alikuwa wa kwanza. "Hicho ni kasuku. Jirani yangu Likoni ana kasuku. Ananisalimia kila asubuhi. Juzi jiko lao lilishika moto, watu wanakimbia na ndoo, yeye yuko pale pale: habari ya asubuhi, habari ya asubuhi!"

"Kasuku anarudia tu kile amesikia, braza," akasema Chrispine. "Hii ukiiuliza kitu hakuna mtu ashawahi uliza, bado inakujibu."

"Na ikinijibu, inajua imesema nini?"

"Na wewe ukisema uko Mtito, unajua umesema nini?"

Kantini nzima ilipasuka kwa kicheko, na Dishon akalazimika kumalizia chai yake akiwa amesimama. Bi. Nyevu alipoulizwa maoni yake, aliwasimulia habari za mizani ya Mariakani. Alisema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuyatoa maneno asiyoyajua, kwa sauti nzuri, na watu wakaridhika. Kwa hiyo hana haki ya kuicheka mashine mapema. "Tuingoje," akasema. "Mgeni hajulikani kwa salamu."

Tuliingoja hadi mwaka jana, wakati Bi. Nyevu alipokwenda likizo na mashine ikaachiwa wateja peke yake. Asubuhi aliyorejea kazini, kabla hata hajafungua dirisha, mwanamke mmoja aliingia kwa kishindo kupitia ule mlango usiofungika. Alikuwa Bi. Agneta, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwakirunge, mteja wetu wa muda mrefu. Nilikuwa mle ndani nikisubiri karatasi zangu, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Nyevu ndiye nani hapa?"

"Ndimi, mwanangu. Karibu. Habari za Mwakirunge?"

"Njema. Nimekuja kukugombeza. Nikimaliza, nikushukuru. Ama nianze na asante, sijui."

"Anza na ugomvi," akasema Bi. Nyevu. "Asante haichachi."

Bi. Agneta alitoa simu akasoma. Jumatatu alikuwa ameuliza mabati yake yako wapi, akajibiwa kwamba yamekaribia, avumilie kidogo. Jumanne yalikuwa yamekaribia zaidi. Jumatano yalikuwa yamekaribia sana. Kila jibu liliishia kwa maneno yale yale: Wako, Nyevu. Kisha akanyosha mkono dirishani. Lori lililokuwa na mabati yake lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina magurudumu ya nyuma, na juu ya boneti yake alikuwa amelala paka.

"Lile pale ndilo limekaribia?" akauliza.

Hakuna aliyemdanganya kwa kukusudia. Mashine ilikuwa imesoma miaka kumi ya maneno yetu, ikaona kwamba katika chumba hiki mtu akiulizia mzigo huambiwa umekaribia, nayo ikatuiga bila kukosea hata nukta. Hata jina la Nyevu iliokota humo humo, kwa sababu karibu kila ujumbe ulikuwa nalo mwishoni.

Bi. Nyevu alikubali ugomvi wote bila kujitetea. Kisha akauliza habari ya shukrani.

Sauti ya Bi. Agneta ilishuka. Mabati yale hayakuwa ya dukani. Alikuwa amemzika mama yake mwezi uliotangulia, na baba yake amebaki peke yake katika nyumba inayovuja, na mvua zimeanza. Alikuwa amelitaja hilo katika ujumbe wa Jumanne, kwa hasira tu, wala hakutarajia kitu. Jibu lililomjia alilisoma polepole: "Pole, Agneta. Mama haondoki siku moja. Huondoka kidogo kidogo, kila unapotaka kumpigia simu kisha ukakumbuka. Mungu akushike mkono. Wako, Nyevu."

"Nimelisoma hilo neno kila usiku," akasema. "Watu wamekuja kwetu wengi, wameomba, wameimba. Hakuna aliyeniambia kitu kama hiki. Asante, mama."

Nilimtazama Bi. Nyevu, nikaona kwamba ameyatambua maneno yale. Yalikuwa yake. Aliyaandika miaka kadhaa iliyopita, akamtumia Dishon aliyekuwa amefiwa na mama akiwa safarini, katika mwaka ambao yeye mwenyewe alimzika mama yake. Baadaye aliniambia kwamba alijiona kama mtu aliyekuta leso yake imeanikwa kwenye kamba ya jirani: imefuliwa vizuri, imenyoshwa vizuri, na huwezi kusema kwamba si yako, lakini hujui imetokaje mwilini mwako.

Angeweza kuipokea asante ile na kunyamaza. Mwanamke alikuwa amefarijika, na maneno hayakuwa ya uongo. Nami ningenyamaza pamoja naye.

"Mwanangu," akasema, "hayo sikukuandikia mimi. Niliyaandika zamani, kwa mtu mwingine. Nilikuwa Kaloleni, sikujua hata kwamba umefiwa. Aliyekujibu ni mashine."

Bi. Agneta aliitazama simu, akamtazama yeye, akaitazama simu tena.

"Basi aliyenifariji ni mashine?"

"Ni yeye."

"Na aliyenidanganya habari ya mabati?"

"Ni yeye huyo huyo. Na kwa yote mawili ametumia maneno yangu."

Bi. Agneta alikaa kwenye kile kiti, labda mtu wa kwanza kukikalia sawasawa. Alianza kulia, na katikati ya kulia akacheka. "Ala! Yaani kwa mama imesema kama mtu, kwa mabati imesema kama dereva!"

Bi. Nyevu akainuka. Kabla ya adhuhuri mabati yalikuwa yamehamishiwa lori jingine, na Dishon yuko kwenye usukani, na safari hii hakuna aliyehitaji kumuuliza alipo, kwa sababu Bi. Nyevu mwenyewe alikuwa ameketi kando yake. Alikuwa amejifunga leso yake ya kanisani, na mapajani ana sukari na unga wa kumpelekea mzee. Nilimuuliza dirishani kwa nini aende, maadamu mabati yanakwenda.

"Pole imetolewa kwa jina langu," akasema. "Lazima ifike kwa miguu yangu."

Alihani kule Mwakirunge hadi jioni. Alikaa na baba yake Agneta, wakazungumza kuhusu minazi, kwa kuwa mzee hakutaka kuzungumza kuhusu kifo, na Dishon akapanda juu kuwasaidia mafundi kupigilia mabati. Chumba cha mzee kiliezekwa siku ile ile. Bi. Agneta bado ni mteja wetu. Kila anapoagiza mzigo huuliza kwanza, "Huyu ni mwenye miguu ama asiye na miguu?"

Kesho yake Chrispine alikuja chumba cha simu akiwa amenywea. Alitaka kuizima mashine kabisa. Bi. Nyevu ndiye aliyemkataza.

"Usiizime. Haikukosea maneno. Ilisema, ikakaa."

"Mama, si haina miguu."

"Najua. Basi iwe na adabu ya kumwita mwenye nayo."

Kutokana na neno hilo wawili hao walifanya kazi pamoja karibu mwaka mzima, na mimi naihesabu kuwa mafanikio makubwa ya Bi. Nyevu katika utumishi wake. Mashine ilifundishwa kuangalia kwanza kifaa kilichofungwa ndani ya lori kinachoonyesha lilipo, ndipo ijibu. Isipojua, inasema sijui, kisha kengele inalia chumbani ili mtu ainuke. Mteja akitaja msiba, ugonjwa au mtoto aliyezaliwa, kengele inalia pia. Siku mashine iliposema "sijui" kwa mara ya kwanza, Bi. Nyevu alileta sinia ya mahamri akatutangazia kwamba mwanafunzi amefuzu. Alisema kuna madereva walioajiriwa kabla ya mashine ambao hadi leo hawajalifikia neno hilo.

Swali la kantini, hata hivyo, halikufa. Chrispine alimuuliza siku moja mbele yangu: "Sasa mama, mwisho wa yote, inaelewa ama haielewi?"

Bi. Nyevu akamjibu: "Nilipokuwa siijui mizani, na nilipoijua, maneno yangu yalikuwa yale yale. Mteja hakuona tofauti. Tofauti ilikuwa kwangu. Nilipokwisha kuijua, lori likikwama pale nilikuwa naliona, na tumbo linanikaza. Sasa mashine yako kama ina tumbo la kukaza, mimi sijui. Muulize fundi."

"Fundi ni mimi, mama."

"Basi hakuna anayejua."

Mimi niliyefundisha sarufi miaka mingi kabla ya kuja Mkoko nina maoni yangu kuhusu jambo hilo, lakini wasifu huu si wangu. Nitasema tu kwamba nimewahi kuwa na wanafunzi walioandika insha safi kuhusu huruma, nikawaona uwanjani wakimruka mwenzao aliyeanguka.

Hivi majuzi madereva waliamua kuimaliza kesi wenyewe. Dishon, mbele ya wenzake, aliiandikia mashine ujumbe kwa simu yake: "Wewe unaelewa tunachosema, ama unaiga Mama Simu tu?" Wote wakainamia simu. Jibu likaja: "Swali zuri, dereva. Na wewe uko wapi kweli?"

Naambiwa kelele zilisikika hadi barabara kuu. Dishon alikuwa ameripoti kwamba yuko njiani kwenda Kisauni, ilhali alikuwa Magongo, na mkononi ana kiazi. Chrispine anaeleza kwamba kifaa cha lori ndicho kilichomchongea. Dishon hakubali. Anadai kwamba mashine ilimtazama.

Sasa nifike kwenye jambo lililochelewesha jarida. Wateja wamelizoea jina la Nyevu, nao wanaliamini. Kwa sababu hiyo uongozi umemwomba aruhusu ujumbe wa mashine uendelee kuishia kwa maneno yale yale, Wako, Nyevu, hata baada ya yeye kuondoka. Wakati huo huo limetolewa pendekezo kwamba chumba cha simu kifungwe na kugeuzwa stoo ya matairi, kwa kuwa mashine haihitaji chumba. Meneja wetu, Bi. Lynnette Njeri, hakulificha lolote kati ya hayo mawili, naye ameyaeleza kwa heshima. Alimwambia Bi. Nyevu kwamba kwa wateja wengi jina lake ndilo Mkoko yenyewe.

Bi. Nyevu hakukataa. Nakiri kwamba nilitarajia akatae, na kwamba ningefurahi. Aliomba siku mbili, akazipata, kisha akajibu hivi: jina lake likae, na maneno yake yote yakae, mashine iyatumie kwa heri, lakini likae mahali ambapo pana mtu kitini. Kengele ikilia, awepo wa kuinuka. Kama chumba kitafungwa, basi jina lake litoke siku hiyo hiyo, na mashine ijitafutie jina jingine. Alisema hataki kuwa Kaloleni amelala, huku jina lake linampa mtu pole Mwakirunge na hakuna anayekwenda.

Kikao kimekaa mara mbili, hakijaamua. Gharama ya mtu mmoja kwa mwaka imejadiliwa kwa kirefu. Namwomba kila mjumbe wa kikao hicho, kabla ya kikao cha tatu, apite chumba cha simu akakitazame kile kiti.

Tulitaka kumpa Bi. Nyevu kiti hicho kiwe ukumbusho. Alikikataa. Alisema hakiwezi kuondoka kabla ya kujulikana nani atakirithi, na kwa hiyo bado kiko pale pale, kinatazama malori. Badala yake wafanyakazi wamemnunulia kiti kirefu cha kuegemea, cha mbao nzito, kisicho na magurudumu, na Dishon ameapa kukifikisha Kaloleni mwenyewe. Tumemwomba kifaa cha lori kiwe kimewashwa.

Huko Kaloleni anangojwa na mumewe, na wajukuu, na minazi anayodai kwamba imekuwa ikiibiwa kwa miaka thelathini na minne, na kwaya ya kanisa lao, ambayo imemwahidi sauti ya pili. Ile sauti ndogo iliyolalamikiwa na meneja wa zamani imekwisha kuwa kubwa bila yeyote kujua ni lini.

Bi. Nyevu, kwa niaba ya karakana, ofisi, yadi na madereva wote popote walipo kweli, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba neno halijakamilika mpaka mwenye kulisema ainuke. Mungu akupe umri mrefu, magoti mazima na majirani wema, na kiti chako kipya kikuzoee. Simu ikilia huko, waachie wengine waipokee.

Uamuzi wa kikao utakapotolewa, uwe wa kupendeza au wa kuchukiza, nitauandika katika ukurasa huu. Sisemi kwamba umekaribia. Nasema nitauandika, na nikikaa kimya tena kama nilivyokaa tangu Pasaka, msomaji ana ruhusa yangu ya kuja hadi mezani kwangu aniulize swali la Bi. Nyevu.

Gona Mwarandu
Mhariri, Jarida la Wafanyakazi wa Mkoko
Changamwe